Kutunza kaya ya kijiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya vikundi vya kijamii vya Kwale na Kilifi, pwani ya Kenya, vinavyolinda kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na ya wanakijiji wanaofikiria kuanzisha kikundi cha namna hiyo. Kila kaya ina miiko yake. Panapotofautiana maelezo haya na neno la wazee wa kaya yenu, fuateni la wazee.

Kaya ni msitu, makaburi au kijiji?

Ni vyote. Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma, husimulia kwamba wahenga wao waliteremka kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakajificha kwenye vilima vyenye msitu nyuma ya pwani. Walifyeka uwanda katikati wakajenga, na msitu wa pembeni wakauacha uwe boma lao. Kuanzia karne ya 16 ndivyo vijiji hivyo vilivyokuwa: njia chache nyembamba za kuingilia zenye milango, moro katikati pa kukutania wazee, na fingo, yaani hirizi ya kaya, limefukiwa ardhini kuwalinda wenyeji. Watu walihama kidogo kidogo kwenda kulima nje, na kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyebaki kuishi humo. Makaburi na fingo havikuhama.

Nyingi zina ukubwa wa kati ya hekta 10 na 200. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni hekta 30 hivi. Kaya Fungo ya Wagiriama inapita kidogo hekta 200. Hiyo ya pili ndiyo Waingereza walioilipua kwa baruti mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwakusanya watu huko na kuwalisha kiapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Serikali ile ilijua vizuri kwamba kaya si miti mitupu.

Kama wazee wa kaya wapo, kikundi ni cha kazi gani?

Wazee, yaani kambi (kwa Kidigo ngambi), wana mamlaka ya ndani: nani aingie, lini patambikiwe, aliyekata mti atozwe nini. Hawana akaunti ya benki, hawaandiki barua kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na wengi wao hawana nguvu ya kuzunguka mpaka mara mbili kwa wiki. Hapo ndipo kikundi kinapohitajika.

Kikundi kikianza kuamua mambo ya ndani, kimekwisha. Wazee watajitenga, vijana watasema "hii sasa ni ofisi", na faini ya mbuzi ambayo watu waliiogopa kwa miaka mingi itageuka mzaha. Andikeni kwenye katiba kifungu kimoja kisicho na utata: jambo lolote linalohusu kuingia kayani, tambiko, makaburi na fingo ni la wazee peke yao, na mkutano wa kikundi hauna kura juu yake.

Tunasajilije kikundi?

Kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, mnahitaji watu 10 au zaidi. Mnakwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu mkiwa na kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha zilizotiwa sahihi, orodha ya wanachama pamoja na namba za vitambulisho, katiba, na fomu ya maombi iliyojazwa. Cheti hudumu miaka miwili, kisha huhuishwa. Vikundi vingi husahau hilo la mwisho, halafu hugundua siku mfadhili anapoomba nakala ya cheti.

Mkikua hadi kufanya kazi katika kaunti nzima na kupokea ruzuku kubwa, mtatazama Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Kwa kaya moja na vijiji vitatu, usajili wa kwanza unatosha. Msikimbilie ukubwa.

Kwenye akaunti wekeni watia sahihi watatu, wawili kati yao lazima wasaini kila mara, na wasiwe wa ukoo mmoja. Pesa za wageni zipokelewe kwa namba ya till, zisishikwe mkononi. Kila robo ya mwaka bandikeni hesabu ukutani kwa chifu au dukani, kwa tarakimu kubwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kikundi kinachokufa pwani hii mara chache huuawa na wakata miti. Huuawa na minong'ono kuhusu shilingi elfu kumi.

Ardhi ya kaya ni ya nani kisheria?

Inategemea kaya, na ni lazima mlijue jibu kabla ya kufanya lolote. Nyingi zilikuwa kwenye ardhi ya udhamini chini ya halmashauri za zamani. Nyingine zimo ndani ya misitu ya serikali, kama ile ya kilima cha Mrima. Nyingine zilipimwa pamoja na mashamba ya watu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Kwa upande wa Diani na Tiwi, vipande vya misitu mitakatifu viligawanywa kuwa ploti za ufukweni watu wakiwa wamelala, na kisiwani Chale hoteli ilijengwa mahali pa matambiko.

Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa katika gazeti rasmi, na leo zaidi ya 40 zimo. Sheria inayozilinda ni ile ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Angalizo: tangazo hilo hulinda mahali, halimpi mtu hati ya umiliki. Kaya inaweza kuwa imetangazwa na bado mtu akatoka na hati ya kipande chake.

Fanyeni hivi. Tafuteni namba ya tangazo la gazeti rasmi la kaya yenu na nakala ya ramani yake, kwa kuanzia ofisi za Makumbusho ya Taifa zinazoshughulikia misitu ya pwani. Chukueni ramani ya upimaji ya eneo hilo. Linganisheni mbili hizo. Kisha zungukeni mpaka kwa miguu pamoja na wazee wawili na majirani wote wanaopakana, mkitazama mawe ya mpaka moja moja. Jiwe lililong'olewa liandikwe na lipigwe picha siku hiyo hiyo, na barua ipelekwe kwa mpima ardhi wa kaunti na nakala kwa Makumbusho. Msilirudishe jiwe wenyewe hata mkijua lilikuwa wapi, maana kulihamisha jiwe la mpaka ni kosa, na mvamizi atalitumia hilo dhidi yenu mahakamani.

UNESCO wanatuletea pesa?

Hapana. Misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ikiwa maeneo 10 yaliyotawanyika kwenye kilomita 200 hivi za pwani. Mwaka uliofuata mila zenyewe ziliwekwa kwenye orodha nyingine, ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kaya nyingine zote, na ndizo nyingi, hazimo kwenye orodha ya 2008. Hata zilizomo hazipati mshahara wa mwezi. Faida yake ni uzito wa neno: anayetaka kuchimba mawe au kupitisha barabara hapo anajua suala litafika mbali. Mkiandika barua ya malalamiko, litajeni hilo kwenye aya ya kwanza.

Mimi ni Muislamu au Mkristo. Nikijiunga nitalazimishwa kutambika?

Hulazimishwi. Kuzunguka mpaka, kupanda miche, kuweka hesabu na kuongoza wageni si ibada. Wadigo wengi ni Waislamu na misitu yao imesimama, na Rabai ina misheni tangu mwaka 1846, alipojenga mmisionari Krapf, na kaya zake zipo. Asiyetaka kuwa karibu wakati wa tambiko hukaa nje ya mlango, na wazee hawaoni ubaya.

Mgeni anapaswa kufuata miiko gani?

Asiingie bila mwenyeji aliyetumwa na wazee. Huvaa kaniki au kitambaa cheusi kiunoni. Kofia huvuliwa, na mahali pengine viatu pia. Haondoki na kitu chochote, awe amekiona kizuri namna gani: si jani, si ukuti, si jiwe, si kijiti cha kuchokoa meno. Haachi kitu pia. Hakuna kushikana kimapenzi, kelele wala kuita jina la mtu kwa sauti. Picha ni kwa ruhusa, na kwenye makaburi na panapofikiriwa kuwa pa fingo hakuna ruhusa kabisa, hata kwa mwandishi wa habari aliyelipa.

Wekeni watu wasiozidi 8 kwa mwongozaji mmoja. Wakizidi, wa nyuma hawasikii maelezo, wanaanza kuchepuka njiani, na njia ya futi mbili inakuwa ya futi sita ndani ya msimu mmoja. Kaya Kinondo wamepokea wageni tangu mwaka 2001 kwa njia moja tu inayopita sehemu ndogo ya msitu, sehemu kubwa ikiwa haikanyagwi. Igeni hapo kwanza kabla ya kubuni njia tatu.

Wanawake wanaookota kuni watakwenda wapi tukiwazuia?

Swali hili lijibiwe kabla ya kuwazuia, si baada. Kaya nyingi huruhusu kuokota kuni zilizoanguka zenyewe siku maalumu, bila panga. Nyingine hukataza kabisa. Kwa vyovyote, mahitaji ya kuni na majengo lazima yatoke mahali pengine, la sivyo doria haitafaulu.

Mvinje ndio mti unaolipa haraka kwenye udongo wa mchanga wa pwani. Ukipandwa kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, ekari moja huchukua miche 1,000 hivi, na kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano unaanza kutoa fito na boriti. Mwaka wa kwanza palilieni mara mbili na msiruhusu mbuzi. Mvinje haupendi kivuli, kwa hiyo msiupande chini ya minazi iliyosongamana mkategemea kitu. Kosa la kawaida ni kupanda shamba la mwenyekiti: kuni zinakuwa zake. Pandeni kidogo kidogo katika mashamba ya wale wale waliokuwa wakiingia msituni.

Tupande miti ndani ya kaya ili ijaze mapengo?

Mara nyingi jibu ni hapana. Pengo lililoachwa na mti ulioanguka hujazwa na miche yake yenyewe, ambayo imekuwa ikingoja mwanga pale chini kwa miaka. Mkiingia na majembe na miche ya kitaluni mnaikanyaga. Kinachosaidia ni kutambua miche ya asili, kuiwekea kijiti na kukata magugu na mitambaazi inayoifunika, kwa ruhusa ya wazee, mara moja kila baada ya mvua.

Pandeni pembezoni, penye kidonda cha moto, shamba lililorudishwa au barabara ya zamani. Na pandeni miti ya msitu huo huo. Mgrevilea ni mti mzuri, ila kayani hauna kwao.

Tunaoteshaje miti ya asili?

Kwanza mbegu. Kwa kuwa hakitolewi kitu kayani, wazee ndio wanaotoa idhini na kuweka siku. Kusanyeni kutoka kwa miti mama 10 au zaidi, msichukue zote chini ya mti mmoja mkubwa wa karibu na njia, maana mtapata ndugu watupu.

Mbambakofi ndio wa kuanzia. Mbegu yake ni nyeusi, kubwa, yenye kofia nyekundu ya machungwa. Ondoeni kofia hiyo mara moja, panya na mchwa huifuata. Kwaruzeni ganda upande usio na kofia kwa tupa au sakafu ya saruji mpaka weupe uonekane, loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 2 ikiwa imelala ubavu. Zitachipua ndani ya wiki 1 hadi 4. Zisizokwaruzwa huchipua pia, ila kwa kusuasua na kwa miezi.

Mvule una mbegu ndogo kama za mchicha na hupoteza uhai haraka. Osheni tunda lililoiva, chujeni, anikeni kivulini na sieni wiki hiyo hiyo. Shida yake kuu huja baadaye: mdudu mdogo hutaga kwenye machipukizi na kuyafanya vinundu, ncha inakufa, mche unadumaa. Msiuweke mvule peke yake kwenye uwanja wa jua. Uchanganyeni na miti mingine, chini ya kivuli chepesi, na kateni na kuchoma ncha zenye vinundu zikionekana.

Muhuhu huwavunja watu moyo. Mbegu zake nyingi ni ganda tupu, kwa hiyo sieni kwa wingi na msihesabu miche kabla ya kuiona.

Udongo wa viriba: debe 3 za udongo wa juu kutoka shambani, 1 ya samadi iliyooza sawasawa, 1 ya mchanga wa mto. Udongo usitoke kayani. Mchanga wa bahari una chumvi, usitumike. Viriba vya inchi 4 kwa 6 vinafaa miche ya miezi sita. Mbambakofi una mzizi mkuu unaoshuka upesi, upeni kiriba kirefu zaidi, na kila mwezi inueni viriba na kukata mizizi iliyopenya chini. Msipofanya hivyo, siku ya kupanda mtaukata mzizi wote mara moja na mche utanyauka hata mvua ikinyesha.

Kivuli cha makuti kipunguzwe wiki 4 kabla ya kupanda, na maji yatolewe kwa kubana. Mashimo ya sentimita 45 kila upande yachimbwe Machi, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Pandeni masika, Aprili hadi Mei, baada ya mvua kulowesha kina cha mkono. Vuli ni ya kujaza mapengo. Kitalu chenye miche 2,000 kinahitaji mtu mmoja wa kila siku. Kazi ya kupokezana zamu kwa watu 20 haifanyi kazi, kwani kila mmoja hudhani mwenzake amemwagilia.

Mkilifi umeota kila mahali kayani. Ni dawa, tuuache?

Mkilifi, wengine huuita mwarobaini, uache uani kwako. Ndani ya kaya ni mvamizi: ndege na popo hula matunda yake na kuangusha mbegu chini ya miti mikubwa, nayo huota kivulini bila tabu. Miche ing'olewe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mzizi wote utoke. Mti mkubwa ukikatwa huchipua upya kwenye kisiki na mizizini, hivyo kukata mara moja ni kuuzidisha. Ambueni ganda kuzunguka shina, upana wa sentimita 30, mkikwangua hadi kwenye mbao, kisha rudini kila miezi miwili kuvunja machipukizi chini ya alama hiyo. Anzeni na miti yenye matunda.

Lantana hufuata pembezoni na penye mwanga. Kateni shina, kisha chimbeni kichwa cha mzizi sentimita 15 chini. Ing'oeni kabla haijatoa matunda meusi. Msiisafishe eneo kubwa kuliko mnaloweza kulirudia, maana udongo ulioachwa wazi huvuta lantana mpya kabla msitu haujawahi kufunga.

Moto unazuiwaje?

Hatari ni kuanzia Januari hadi mvua za Machi, watu wanapochoma mashamba. Safisheni ukanda wa mita 4 upande wa mashamba, nje ya mpaka, mwishoni mwa Desemba. Andikeni majina ya majirani wote na kukubaliana nao: kuchoma ni jioni upepo ukitulia, na baada ya kuarifu. Wanaofuata nyuki kwa mwenge ni chanzo kingine. Kuwapa kinyunyiza moshi na mizinga ya kisasa kunazuia zaidi kuliko kuwakamata.

Mradi gani unaingiza pesa bila kuuma msitu?

Nyuki, kwa kaya nyingi. Mizinga ikae nje ya mpaka, mita 5 toka mmoja hadi mwingine, ikining'inia kwa waya uliopakwa grisi ili siafu wasipande, mbali na njia ya wageni mita 100 au zaidi. Kwenye mzinga wa vibao vya juu, upana wa kibao ni milimita 32 kwa nyuki wetu. Fundi akiweka 35 "kwa urahisi", masega yanaungana na mzinga haufunguki bila kuyavunja.

Vipepeo vinawezekana pia. Mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993 hununua pupa (vipepeo wakiwa bado kwenye vifuko vyao) kutoka kwa wakulima wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke na kuuza nje, ila mnunuzi ni mmoja na masharti ni yake.

Kuhusu biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, wapita njia wenye makabrasha wamekuwa wengi. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi unafanya kazi, na ulianza na hekta 117 za mikoko. Gharama za kupima na kukaguliwa hazipungui kwa kuwa msitu ni mdogo. Kaya ya hekta 30 peke yake haitarudisha gharama hizo. Msisaini karatasi yoyote yenye neno "haki zote" kabla wakili hajaisoma.

Vigango vinaibwa. Tufanyeje?

Kwanza, kigango, yaani nguzo ya mbao iliyochongwa ya kumkumbuka marehemu, hakiko kayani. Husimikwa kwenye boma la familia kwa ajili ya mwanachama aliyekufa wa Gohu, chama cha siri cha Wagiriama, na koma, vijiti vidogo, ni kwa wafu wengine. Kwa hiyo ulinzi ni wa nyumba kwa nyumba. Kila kigango kipigwe picha nne (mbele, nyuma, pande mbili) pamoja na rula, kiandikwe urefu, upana kwenye mabega, aina ya mti, nakshi na mipasuko yake. Mpasuko ni muhimu kuliko nakshi: nakshi hufanana, mpasuko haufanani. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine kwa Makumbusho. Msiviwekee namba kwa rangi wala msumari, msivihamishie "mahali salama", na msiweke picha zenye mahali mtandaoni.

Picha hufanya kazi. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilitambuliwa nchini Marekani kwa sababu mtafiti aliwahi kuvipiga picha vikiwa bado vimesimama na familia, na vikarudishwa mwaka 2007. Jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vingine 30 baadaye, lakini vile havikuwa na picha ya nyumbani, na kujua vilitoka boma gani ni kazi nyingine.

Tunarekodije maarifa ya wazee?

Kwa lugha yao. Kichonyi kikitafsiriwa papo hapo kuwa Kiswahili, majina ya dawa na ya mizimu hupotea kwanza. Tumieni simu ikiwa kwenye hali ya ndege, kitambaa chini yake, umbali wa shubiri mbili toka mdomoni, mbali na jenereta na makuti yanayopigwa na upepo. Mwanzoni kabisa msemaji ataje jina, mahali, tarehe, na aseme kwa sauti yake nani anaruhusiwa kusikia. Dakika 40 zinatosha kwa mara moja. Nakala tatu: moja kwa familia, moja kwenye diski ya kikundi, moja mahali tofauti na kijiji.

Na kuna yasiyorekodiwa. Lilipo fingo, maneno ya kiapo, mambo ya vaya (chama cha siri cha wazee): mzee akisema "hapa zima", zima. Rekodi ikishatoka haizuiliki, na mtu asiye wa ukoo akilijua lilipo fingo, kesho mtakuta shimo.

Mzee wetu anaitwa mchawi kwa sababu ya mvi na shamba lake. Ni kazi ya kikundi?

Ndiyo, na ni ya haraka kuliko kitalu. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na mara nyingi nyuma yake kuna mgogoro wa ardhi. Minong'ono ikianza, mtoeni mzee pale usiku huo alale kwa jamaa au kituo cha kuokolea wazee, kama kile cha Kaya Godoma huko Ganze. Ripotini kituo cha polisi na mchukue namba ya tukio, chifu aarifiwe kwa maandishi, na nakala ya hati ya shamba iwekwe nje ya nyumba yake.